Sanae Morikawa Nday, Mpiga Ngoma wa Yakan (1962–1999)

Bapapa na bamaman, ndugu, majirani, na ninyi wageni mliovuka bahari: mimi ni Alphonsine Numbi, dada mkubwa wa Nday mumewe, kwa hiyo marehemu alikuwa wifi yangu. Familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake, na imeniomba nisome polepole, maana wananijua. Karatasi yenyewe mnayo mikononi. Ilipigwa chapa Alhamisi, na karibu na mwisho nitaongeza maneno ambayo hayamo, kwa sababu Alhamisi yalikuwa hayajatokea. Marehemu aliishi miaka thelathini na saba, miezi minane na siku tatu. Miaka kumi na tano ya maisha hayo alipiga ngoma katika kundi la wanawake watatu liitwalo Yakan. Tangu alipougua alitaka jambo moja tu, na kila aliyeingia chumbani kwake alilisikia: kundi lisizikwe pamoja naye. Sikilizeni alivyolipigania.

Sanae alizaliwa tarehe 9 Februari 1962 katika mji wa Sakai, karibu na Osaka, nchini Japani, mtoto pekee wa marehemu Yoshio Morikawa na mama Fumie. Wazazi wake walikuwa na nyumba ya kuogea, ambapo watu wa mtaa mzima huja jioni kuoga maji ya moto, wanawake upande huu, wanaume upande ule. Mama Fumie ametuandikia kwamba mtoto akiwa na miaka mitano aliyapanga mabeseni matupu chini, makubwa kwa madogo, akayapiga kwa vijiti vya kulia chakula. Bibi mmoja mteja alikuja kulalamika kwamba hapati usingizi ndani ya maji. Baba akamnyang'anya mtoto vijiti. Siku ya pili akapiga kwa mikono, na baba akamrudishia vijiti kwa sababu mikono ilikuwa na sauti kubwa zaidi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968 na kumaliza sekondari Machi 1980, yote hapo Sakai. Shule ya sekondari ilikuwa na bendi ya kutembea barabarani siku za sikukuu. Mwalimu alimpa filimbi, akamwambia ngoma kubwa ni ya wavulana. Filimbi ile ilikaa ndani ya sanduku lake mwaka mzima. Siku ya maandamano ya Mei 1979 Sanae alifika shuleni kabla ya watu wote, akajifunga ngoma kifuani, akasimama mahali pake kwenye mstari. Mwalimu alipokuja, hakutoka. Alimwamuru, hakutoka. Wakati wa kuondoka ukafika, bendi ikaondoka naye. Mwalimu huyo alimwambia mama Fumie baadaye kwamba katika miaka yake yote ya kufundisha hajaona mtoto mkaidi kama yule, wala hajasikia mwendo uliosimama sawasawa kama ule.

Aprili 1980 aliingia kazi katika kiwanda cha miavuli mjini Osaka. Yeye alifunga mbavu za chuma. Dada Etsuko Hara, ambaye yuko hapa mbele yenu, alishona kitambaa. Dada Hisayo Tani, ambaye pia yuko hapa, alikaa mwisho wa meza akifungua na kufunga kila mwavuli kuona kama unafanya kazi, mia nne kwa siku. Katika chumba cha chakula palikuwa na birika la zamani ambalo likichemka lilipiga kelele hadi msimamizi anaziba masikio. Wasichana hawa watatu walilipenda birika lile kuliko msimamizi. Walipoanzisha kundi lao la muziki wa punk mwaka 1984, waliliita Yakan, yaani birika kwa lugha yao.

Wazee wetu walioniuliza wiki hii punk ni nini, naweka jibu hapa: ni muziki wa haraka, wa kelele, nyimbo fupi, na anayeimba haombi ruhusa. Yakan walifanya mazoezi katika ghala la kiwanda, katikati ya miavuli, kwa sababu miavuli elfu kumi inameza sauti. Tarehe 3 Novemba 1984 walicheza mara ya kwanza mbele ya watu, chini ya jengo moja la Osaka. Walikuja watu kumi na moja, wakatoka wanne. Mwaka 1987 walitoa sahani yao ya kwanza ya santuri, nyimbo kumi na mbili katika dakika kumi na tisa. Mimi na kwaya yangu, katika dakika kumi na tisa ndiyo kwanza tunamaliza wimbo wa kuingia. Waliimba juu ya msimamizi mwenye mikono mirefu, juu ya miguu inayouma, juu ya miavuli ambayo watu husahau ndani ya treni. Etsuko aliimba na kupiga gitaa la besi, Hisayo gitaa, Sanae ngoma, ile ambayo hapa tunaiita batterie.

Walikuwa na sheria moja, nayo ishikeni maana ndiyo kiini cha habari hii. Hakuna jambo la Yakan linalofanyika mpaka wote watatu wamesema ndiyo. Akikataa mmoja, jambo limekufa, na hakuna ruhusa ya kumsumbua.

Mwaka 1989 kampuni moja kubwa ya muziki ya Tokyo iliwaita. Ilikuwa tayari kuwatoa kiwandani na kuwaweka katika televisheni, kwa sharti moja: mpiga ngoma abadilishwe. Walisema Sanae ni mfupi, hacheki, na akipiga anakunja uso. Walikuwa wameshamchagua mwingine, msichana mwenye uso mzuri, naye alikuwa amekaa hapohapo ofisini akisubiri. Hisayo alisimama. Alisema Yakan yenye mpiga ngoma mwingine si Yakan, akachukua koti lake akatoka, na Etsuko nyuma yake. Sanae alibaki kidogo. Alimwambia yule msichana pole, kisha akawafuata. Jumatatu wote watatu walikuwa kwenye meza ya miavuli. Etsuko aliponisimulia hayo nililia, na mimi si mtu wa kulia ovyo.

Sasa nifike Brussels, na hapa sihitaji kusimuliwa maana nilikuwepo. Novemba 1991 Yakan walikuja Ulaya kwa mara ya kwanza, miji kumi na tisa kwa siku ishirini na tatu, ndani ya gari la ndugu yetu Radjabu wa Buyenzi, Bujumbura, ambaye alikuwa anasafirisha mizigo na hakuwa amewahi kusafirisha wanamuziki. Jumamosi tarehe 16, saa kumi na moja jioni, aliwaleta Saint-Gilles. Katika barabara ile, nyumba tatu kutoka mahali pa konseti yao, sisi tulikuwa tumekodi ukumbi kwa matanga ya mjomba wetu papa Ngoy, aliyefariki Lubumbashi. Orchestre yetu ilikuwa inatoka Liège, imechelewa. Radjabu akaona watu weusi mlangoni, akasikia Kiswahili, akashusha kioo.

"Samahani wazee, hapa ndipo wanaposubiri wanamuziki?"

"Njo hapa! Tunabangojea tangu saa tisa. Ingizeni vyombo, vite, haraka!"

Radjabu yuko pale nyuma anainamisha kichwa. Usione haya, ndugu yangu. Ukumbi ulikuwa umejaa, nasi tukaona wasichana watatu wa Kijapani wanaingia na ngoma mgongoni. Papa mwenyekiti wa matanga akaniegemea sikioni.

"Alphonsine, orchestre ya Liège inatuma Bachina?"

"Sijue, papa. Labda bale bengine banagonjwa."

"Bon. Vyombo ni vyombo. Baache bapige."

Nao wenzetu walikuwa na mawazo yao. Waliona watu mia moja wamevaa nyeusi, wamekaa kimya, hakuna anayecheka. Waliona picha kubwa ya mzee imezungukwa na mishumaa na maua. Walijua watu wa punk huvaa nyeusi, kwa hiyo walifurahi, na Hisayo alifikiri mzee wa pichani ndiye mwenye klabu. Waliinama mbele ya picha kwa heshima, jambo lililotupendeza sana. Kisha Sanae akapiga vijiti mara nne.

Mungu wangu! Nilizaliwa katika ngoma, mimi ndiye ninayepiga katika kwaya ya misa yetu ya Kiswahili tangu 1983, na sikuwa nimewahi kusikia kitu kile. Kwanza nilidhani ukuta umeanguka. Halafu nikasikia kwamba ndani ya ile kelele mkono mmoja hautikisiki, uko sawasawa, haukosei hata punje. Nikamtafuta mwenye mkono huo. Nikaona kamwanamke kadogo, kamekunja uso, hakamwangalii mtu. Niliogopa kweli.

Watu wote waligeuka mawe. Etsuko akafungua mdomo na kupiga ukelele, ule wa wimbo wao wa kwanza. Na maman Thérèse, mjane wa papa Ngoy, akasimama. Tangu simu ya kifo ilipofika, siku kumi na mbili, mama huyu alikuwa hajatoa chozi. Alikuwa anakaa tu, hali, halali, tulishaanza kuogopa kwamba tutamzika na yeye. Alisimama, akaweka mikono kichwani, akalia kwa sauti moja na yule Mjapani.

"Ule njo anajua kulia!" akasema. "Bengine bote munanidanganya! Ule njo anajua!"

Tukalia wote. Dakika arobaini na tano walipiga, na ukumbi mzima ulimlilia papa Ngoy kama alivyostahili. Ndipo orchestre ya Liège ikafika na magitaa yake, ikatukuta tumelowa jasho, mambo yakafahamika. Radjabu alitamani ardhi immeze. Maman Thérèse hakutaka kusikia habari ya makosa. Aliwakalisha wale wasichana mezani kwake, akawapa ugali wetu wa bukari, sombe ya majani ya muhogo na samaki, akasema hawatoki mpaka wamekula. Walikula, wakaenda kucheza konseti yao nyumba ya tatu, na nusu ya matanga ikawafuata na nguo zake nyeusi.

Ndugu yangu Nday alitaka kumbebea Sanae ngoma kubwa mpaka kwenye gari. Sanae alimpiga kofi mkononi. Katika Yakan kila mtu hubeba chombo chake mwenyewe, tangu kiwandani. Nday, ambaye ni fundi wa mabasi na hajawahi kukatazwa kubeba kitu, alirudi nyumbani anausugua mkono ule na kucheka peke yake. Walianza kuandikiana barua. Barua za Kifaransa cha kamusi, mbili kwa wiki, mwaka mmoja na nusu.

Nitasema ukweli, kwa sababu yeye mwenyewe alipenda kunikumbusha: nilipinga ndoa ile. Si kwa sababu ya Japani. Ni kwa sababu ya posa. Sanae hakuwa na wazee hapa wa kuzungumza na sisi, kwa hiyo Etsuko na Hisayo walikuja kukaa upande wa familia ya bibi arusi. Tuliwauliza, kama inavyotakiwa, mnataka nini kwa binti yenu. Tulikuwa tumejiandaa kwa mbuzi, kwa vitenge, kwa kila kitu. Wakanong'onezana, kisha Etsuko akatoa jibu kwa Kifaransa: hawataki kitu, wanataka miezi mitatu. Kila mwaka, miezi mitatu, Sanae ni wa Yakan. Afanye mazoezi, asafiri, apige, na mumewe asiulize.

"Trois mois?" nikapiga kelele. "Bibi gani ule anaacha bwana trois mois juu ya ngoma? Non, non, non. Miye sikubali!"

Wazee wetu walibishana saa mbili. Mwishoni Nday akasema: "Mungeomba mbuzi, ningelipa mbuzi. Munaomba miezi. Nitalipa miezi." Na akalipa, kila mwaka, hakukosa hata mmoja. Walifunga ndoa katika nyumba ya komuni, yaani serikali ya mji, Schaerbeek, tarehe 12 Juni 1993. Tarehe 2 Mei 1995 Mungu aliwapa mtoto wa kike, Larissa Fumie.

Brussels Sanae alifanya kazi katika nyumba ya kufulia nguo Schaerbeek, asubuhi tano kwa wiki, na mchana alishuka chini ya nyumba yao kupiga. Majirani Waturuki wa ghorofa ya kwanza walikuja kulalamika mara moja. Aliwapa chai, akawaeleza saa zake, na tangu hapo walipanga usingizi wa mtoto wao kufuatana na ngoma za Sanae. Yakan haikufa kwa umbali. Mwaka mmoja yeye aliwafuata Osaka, mwaka mwingine wao walikuja hapa. Sahani yao ya tatu waliitengeneza humo chini mwaka 1994, na ndani yake kuna wimbo uitwao "Thérèse", ambao hauna maneno, ni kilio tu na ngoma. Maman Thérèse alipigiwa wimbo huo mbele yake. Aliusikiliza amesimama. Walicheza Ujerumani, Uholanzi, Poland. Katika mji mmoja wa Poland umeme ulikatika katikati ya wimbo, magitaa yakanyamaza, na Sanae akaendelea peke yake dakika ishirini mpaka taa ziliporudi, na wenzake wakaingia palepale walipoachia. Nilimuuliza alijuaje kwamba umeme utarudi. Alisema hakujua.

Aliishi nasi miaka sita na hakuwa mtu wa maneno mengi. Kiswahili alijifunza jikoni kwangu, Kiswahili chetu cha Katanga, pamoja na matusi yake. Kila matanga ya Wakatanga na ya Warundi hapa Brussels, ya kanisani au ya msikitini, alikuja, akaosha vyombo mpaka sahani ya mwisho, akaondoka bila kuaga. Wengi wenu mliokuja leo, najua mnamlipa sahani zile.

Machi 1998 alianza kuchoka. Aliangusha kijiti katika mazoezi, na huyu ni mtu ambaye hakuwa ameangusha kijiti tangu utoto. Madaktari walikuta saratani ya damu. Alitibiwa hospitali miezi saba, akatoka Oktoba bila nywele na mikono imekuwa myembamba, na jambo la kwanza alilofanya ni kuja misani kwetu Jumapili, akakaa kiti cha mbele. Mimi napiga ngoma, yeye ananiangalia mikono. Baada ya misa akanivuta koti.

"Wifi, weye uko unakimbia mbele ya wimbo."

"Najua. Kila siku père wetu wa misa ananiambia."

"Ni muzuri. Muntu anakimbia, naweza mufundisha. Muntu anachelewa, hapana. Kesho kuja kwangu."

Nilifikiri anataka kuniburudisha tu, au kujiburudisha. Nilishuka kule chini, akaniweka nyuma ya ngoma zake, akakaa kwenye kiti cha kukunja, amejifunika blanketi, na akasema wazi alichotaka. Etsuko na Hisayo hawatatafuta mtu mwingine hata siku moja. Akifa yeye, Yakan imekufa. Yeye hataki. Mimi nitapiga.

Bamaman, nilicheka! Nilikuwa na miaka arobaini na sita. Ninafanya kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba ya wazee Berchem-Sainte-Agathe, ni mwanakwaya, nina magoti mabovu. Nikamwambia, Sanae, watu watasema nini? Akasema watu watasema kelele ni nyingi. Akanishika mikono, akaibonyeza. Miaka kumi na miwili ya kuinua wazee kutoka kitandani, akasema, hakuna msichana wa Osaka mwenye mikono hii.

Tulijifunza miezi kumi. Siku za nguvu alinipigia mwendo mabegani kwa vidole, siku za udhaifu aliuhesabu kwa macho. Nikikosea alifumba macho, basi. Hakunisifu hata mara moja. Nilijifunza sahani ya kwanza yote, nyimbo kumi na mbili, nikaja kuelewa jambo ambalo nilikuwa nalisikia tu tangu 1991: kwamba ile kelele yote imesimama juu ya mtu mmoja asiyetikisika, na kwamba kutotikisika ni kazi, inauma mgongo, inauma roho, na yeye aliifanya akicheka ndani kwa ndani. Wifi yangu alikuwa mtu mkubwa. Nilikuwa naishi naye mtaa mmoja na sikujua ukubwa wake.

Tarehe 24 Aprili 1999 Yakan walicheza mara ya mwisho naye, Saint-Gilles. Nilimfunga kitambaa cha kitenge kichwani kwa mikono yangu. Alipiga nyimbo tisa. Mimi nilikaa nyuma yake tayari kumdaka akianguka, na hakuanguka.

Septemba ugonjwa ulirudi, na safari hii daktari hakuzungusha maneno. Etsuko na Hisayo walikuja tarehe 30. Sanae aliwaomba kitandani, kwa sheria yao: Yakan iendelee, mpiga ngoma awe Alphonsine. Yeye mwenyewe alisema ndiyo. Etsuko alilia, akasema ndiyo. Hisayo akasema hapana.

Etsuko alitutafsiria yote. Hisayo alisema: "Mwaka 1989 niliwakatalia wenye pesa wasikutoe. Leo nikikubalie kifo?" Sanae akamjibu: "Wale walitaka kunitoa. Leo sitolewi. Mimi ndiye ninayetoa." Hisayo alitikisa kichwa, akatoka nje ya chumba. Na sheria ni sheria, Sanae hakumsumbua tena. Siku kumi na mbili zilizobaki hakulitaja mbele yake. Mbele yangu alilitaja kila siku. Alikuwa anauliza tu, "Nini, amesema?" Nami ninasema, "Bado, wifi." Ingekuwa rahisi kumdanganya. Nilijaribu kulitoa mdomoni neno hilo la uongo, likakataa.

Marehemu alifariki Jumanne tarehe 12 Oktoba 1999, saa tatu na dakika kumi asubuhi, nyumbani Schaerbeek, Nday amemshika mkono wa kulia na Hisayo wa kushoto. Neno lake la mwisho kwangu, jioni ya Jumatatu, lilikuwa lilelile swali. Jibu langu lilikuwa lilelile bado.

Karatasi mliyo nayo inasimama hapo. Sasa sikilizeni.

Tangu Jumanne tuko katika matanga nyumbani kwa Nday. Hisayo alikataa hoteli. Alilala chini kwenye mkeka pamoja na sisi wanawake wa familia, alikula tulichokula, na hakuna aliyemwuliza kitu, maana mfiwa haulizwi. Jana Ijumaa saa nane mchana nilichoka. Nilichoka na wageni, na mboga, na kuambiwa nijikaze. Nilishuka chini, nikakaa nyuma ya ngoma za wifi yangu, nikaanza wimbo wa kwanza wa sahani ya kwanza, peke yangu, kwa hasira yote niliyonayo. Na nilikimbia. Nilijua ninakimbia, sikujali.

Katikati ya wimbo gitaa likaingia nyuma yangu. Sikugeuka. Gitaa lilikuwa linanivuta kurudi, linaning'ang'ania, mimi nakimbia, lenyewe linakataa, mpaka nikakubali, tukawa sawa, tukamaliza pamoja. Dakika moja na sekunde arobaini. Ndipo nikageuka. Hisayo alikuwa amesimama kwenye ngazi, uso umelowa wote, na alikuwa amekasirika vibaya sana.

"Trop vite!" akanipigia kelele. "Trop vite, trop vite! Sanae, jamais comme ça!" Yaani haraka mno, Sanae hakupiga hivyo hata siku moja.

Akanigombeza kama dakika tano, kwa Kifaransa, kwa Kijapani, akionyesha mguu wangu, akionyesha mkono wangu wa kushoto. Nimefundishwa kwaya na mapadri sita na sijawahi kufurahia kugombezwa hivyo, maana mgeni hagombezwi namna ile. Alipomaliza alijifuta uso na mkono wa blauzi, akasema:

"Lundi. Dix heures. Répétition." Jumatatu, saa nne, mazoezi.

Etsuko alikuwa mlangoni juu. Alikaa chini palepale kwenye ngazi, akalia mpaka Nday akaja kuona kuna nini. Nami nilitaka kukimbia chumbani kumwambia Sanae. Nilifika mpaka kwenye mlango wa chumba, nikakumbuka. Kwa hiyo namwambia hapa, mbele yenu, kwa sauti, ili asikie: wifi, amesema. Amesema ndiyo.

Marehemu ameacha mume, Nday. Binti mmoja, Larissa Fumie, wa miaka minne. Mama mzazi, Fumie Morikawa, wa miaka sabini na moja, ambaye afya haikumruhusu kusafiri, na ambaye dada Etsuko atampelekea nywele za mwanawe, zile zilizoota upya. Wifi mmoja mwenye magoti mabovu. Dada wawili wa kazi, Etsuko na Hisayo. Na kundi moja la muziki, Yakan, la miaka kumi na tano, ambalo ni zima na lina mazoezi Jumatatu.

Lala vizuri, Sanae. Kelele tutapiga sisi.